Mcheza Kwao Hutunzwa

Ukiniambia kwamba mwanafunzi aliyeongoza katika sayansi ya kompyuta mwaka huu anatoka Kitui, sentensi yako haijasema kama ni msichana au mvulana. Kiswahili hakijali. "Anatoka" ni ya yeyote. Lakini hebu tuambiane ukweli: ulipoisikia, ulimwona nani? Wengi wetu tulimwona kijana wa kiume, hudi kichwani, laptopu imejaa stika, macho mekundu kwa kukesha. Lugha ilinyamaza. Sisi ndio tuliosema.

Picha hiyo haikutoka hewani. Ingia katika darasa la mwaka wa kwanza la kompyuta katika vyuo vikuu vyetu vingi, uhesabu. Wasichana utamaliza kuwahesabu kabla mhadhiri hajawasha projekta. Wavulana utachoka. Watu wa takwimu wana kazi yao hapo. Mimi nauliza swali la haki. Je, kuna kosa lolote katika hesabu hiyo? Na kama lipo, ni la nani, na litarekebishwa vipi bila kumkosea mtu mwingine?

Majibu mawili tunayajua, tumeshayasikia kwenye matatu na kwenye meza za chakula. La kwanza ni hili: mlango uko wazi. Hakuna sheria Kenya inayomkataza msichana kusomea kompyuta. Alama zake zikitosha ataitwa. Asipoijaza kozi hiyo kwenye maombi yake ya KUCCPS, hiyo ni hiari yake. Kwani tumlazimishe?

La pili ni hili: tushushe alama za kuingia, tuweke idadi, tufanye kama Katiba inavyosema kuhusu thuluthi mbili. Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 kinaitaka serikali ichukue hatua za kuwarekebishia watu hasara waliyoipata kwa ubaguzi wa zamani, na kinasema kwamba katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa jinsia moja isizidi thuluthi mbili. Na hata kabla ya Katiba hiyo, ile Bodi ya Pamoja ya Udahili, JAB, ilikuwa na desturi ya kuwashushia wasichana alama kidogo ili waingie chuo kikuu.

Watu wa jibu la kwanza na wa jibu la pili hugombana sana, lakini ukiwasikiliza vizuri utagundua kuna jambo wanakubaliana bila kujua. Wote wanaamini kwamba kuna kitu kinaitwa kipaji cha kompyuta, kwamba alama na mitihani ya mwaka wa kwanza hukipima kwa uaminifu, na kwamba ugomvi uliobaki ni mmoja tu: waliopungukiwa tuwahurumie au tusiwahurumie. Mimi naona ugomvi uko mahali pengine. Kipimo chenyewe ndicho kimepinda. Nitajaribu kuonyesha kwa nini, na kwa nini kupinda huko ni suala la maadili, la ufundi likiwa la pili.

Tuanze na lile wazo kwamba wanawake kwa maumbile yao hawaelekei kompyuta. Historia inalikataa mapema sana. Kabla ya kuwa jina la mashine, neno kompyuta lilikuwa jina la kazi ya mtu. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, jeshi la Marekani liliajiri wanawake waliosoma hisabati wakokotoe kwa mkono njia ambayo kombora la mzinga hupitia angani. Wao ndio walioitwa kompyuta. Sita kati yao, Kay McNulty, Betty Jennings, Betty Snyder, Marlyn Wescoff, Fran Bilas na Ruth Lichterman, walichaguliwa kuiandalia programu ENIAC, ile mashine kubwa iliyojengwa katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Hakukuwa na lugha ya kuprogramu wala kitabu cha maelekezo. Waliielewa mashine kwa kuikodolea macho michoro ya saketi zake. Ilipoonyeshwa kwa umma Februari 1946, sifa zilienda kwa wanaume walioiunda, na wale sita hawakualikwa hata kwenye dhifa ya jioni. Kazi ya kupanga programu ilionekana ndogo, kama ya karani, ndiyo maana ikaachiwa wanawake. Ilipopanda hadhi na mshahara, wenyewe wakabadilika.

Hata baada ya hapo wanawake hawakuondoka mara moja. Mnamo 1984, huko huko Marekani, zaidi ya thuluthi moja ya waliohitimu shahada ya kwanza ya sayansi ya kompyuta walikuwa wanawake. Kufikia 2010 walikuwa wamepungua hadi chini ya mmoja kati ya watano. Katika miaka hiyo hiyo wanawake walikuwa wakiongezeka kwenye udaktari na uanasheria. Sasa jiulize: maumbile ya mwanamke yalibadilika kati ya 1984 na 2010? Ubongo wake ulipungua nini?

Kilichobadilika ni sebule. Miaka ya themanini kompyuta ndogo ziliingia majumbani, zikatangazwa kama vitu vya kuchezea vya wavulana, na mara nyingi zikawekwa chumbani kwa kijana wa kiume. Watoto hao walipofika chuoni walikuta wahadhiri wanaoanza somo katikati, kana kwamba kila mtu ametoka katika chumba hicho.

Malaysia ni mfano wa upande wa pili. Mtafiti kutoka Norway, Vivian Lagesen, aliandika kuhusu Chuo Kikuu cha Malaya, ambako wengi wa wanafunzi wa kompyuta walikuwa wanawake, na wanawake walikuwa wamejaa pia katika uongozi wa kitivo. Alipowauliza sababu, walimjibu kwa namna ya kawaida kabisa: hii ni kazi ya ofisini, ni safi, ni salama, haitaki misuli, inataka akili. Yaani walitumia dhana zile zile za "kazi ya mwanamke" ambazo kwingine hutumika kumfukuza mwanamke kwenye kompyuta, wao wakazitumia kumkaribisha. Sisemi kwamba sababu zao ni nzuri. Nasema kwamba mashine ni ile ile, na ni jamii inayoamua nani aitazame aseme: hii ni yangu.

Basi turudi nyumbani. Sebule yetu si ile ya Marekani, kompyuta ya kuweka chumbani kwa mtoto wengi hatukuwa nayo. Lakini tuna sebule yetu ya nje. Kijana wa kiume wa mtaani, akifika miaka kumi na miwili hivi, huwa ana ruhusa ya kupotea. Atapotelea kwa pleisteshen, atapotelea saiba, atapotelea kwa fundi wa simu pale stendi, akimshikia bisibisi na kumwona akifungua simu za watu. Hakuna anayemuuliza alikuwa wapi ila giza likiingia. Msichana wa rika lake akipotea saa moja tu, nyumba nzima inamtafuta, kwanza kwa sababu ya usalama wake, na hapo wazazi wana haki ya kuogopa, na pili kwa sababu sufuria zinamngoja. Uchunguzi wa matumizi ya muda ambao Shirika la Takwimu la Taifa, KNBS, liliufanya 2021 ulionyesha kwamba wanawake hutumia karibu mara tano ya muda ambao wanaume hutumia katika kazi za nyumbani na za kulea zisizo na malipo. Hiyo mara tano haianzi mtu akiolewa. Inaanza na mtoto wa kike kuambiwa, "Njoo unisaidie," na ndugu yake kuambiwa, "Toka hapa jikoni."

Shuleni nako hali haibadiliki sana. Somo la kompyuta katika KCSE limekuwa la hiari, na shule nyingi hazikulifundisha kwa kukosa maabara, mwalimu, au stima ya kutegemewa. Fizikia, ambayo ni moja ya milango ya kozi za teknolojia, kila mwaka ina watahiniwa wengi wa kiume kuliko wa kike.

Hebu tufanye hesabu ya kawaida, ya mfano tu. Tuseme kijana alipata saa tatu kwa wiki, kuanzia kidato cha kwanza, za kuchezea mashine yoyote: kuifungua, kuiharibu, kuirekebisha, kuiwekea mchezo, kutafuta njia ya kuzunguka nywila ya saiba. Saa tatu kwa wiki kwa miaka minne ni zaidi ya saa 600. Kozi moja ya muhula chuoni ina saa 40 na ushei za mihadhara. Kwa hiyo siku ya kwanza, kabla mhadhiri hajasema neno, kijana huyo amemtangulia jirani yake kwa zaidi ya kozi kumi. Na hakuna cheti kinachoonyesha hizo saa. Hazionekani. Kinachoonekana ni jinsi vidole vyake vinavyokimbia juu ya kibodi, na sisi tunasema: huyu ana kipaji.

Halafu somo linaanza. Mhadhiri ana wanafunzi 200 na kipaza sauti kinachokatika. Anauliza, "Nani hajaelewa?" Anayeinua mkono ni yule aliyeelewa zamani, na swali lake limekuja kufanya maonyesho. Anauliza kuhusu jambo la mwaka wa tatu. Mhadhiri, ambaye naye ni binadamu na amechoka kuongea na ukuta, anafurahi kupata mtu wa kuongea naye. Wanajibizana dakika kumi. Wengine wote wanaandika tu, na kila mmoja anadhani ni yeye peke yake asiyeelewa.

Wazee walisema mcheza kwao hutunzwa. Kwenye ngoma, mchezaji wa kijiji hicho ndiye hurushiwa pesa na kuvishwa leso, hata kama mgeni ana mguu mwepesi zaidi. Methali hiyo kwa kawaida tunaitumia kwa furaha. Lakini isome kwa macho ya yule mgeni. Yeye anacheza, anatoka jasho, na anaona tuzo zikienda upande mmoja. Asipojua kwamba hapa ni kwao fulani, atahitimisha kitu kimoja tu: mimi sijui kucheza.

Binti mmoja ninayemjua, mwenye A ya hisabati kutoka shule ya kaunti, aliniambia akiwa mwaka wa pili, "Hawa wenzangu walizaliwa wakijua." Hakuwa akifeli. Alama zake zilikuwa juu ya nusu ya darasa. Muhula uliofuata aliomba kuhamia kozi nyingine, na hakuna aliyemuuliza kwa nini, maana kwenye rekodi hilo lilikuwa uamuzi wake mwenyewe, umetiwa sahihi.

Kilichompata kina historia ndefu. Kati ya 1995 na 1999, Jane Margolis na Allan Fisher waliwahoji wanafunzi zaidi ya 100 wa kompyuta katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, wengine mara kadhaa. Walikuta wanawake waliokuwa wakifanya vizuri wakiondoka huku wakiamini kwamba hawakuumbiwa kazi hii, kwa sababu hawakuota kompyuta usiku kama wenzao. Walikuta pia jambo ambalo lingepaswa kututikisa wote: kuwa na uzoefu wa kuprogramu kabla ya kuja chuoni hakukuwa kielelezo kizuri cha nani atafaulu mwishoni. Zile saa 600 zinampa mtu mwanzo mzuri. Hazimpi akili. Lakini kufikia wakati jambo hilo linadhihirika, yule mgeni ameshaondoka uwanjani.

Hapa ndipo ninapoliona kosa, na nataka nilitaje kwa jina lake. Hatujamnyima msichana kiti, kiti alipewa. Kosa letu ni uwongo. Tunamwambia jambo lisilo kweli kuhusu nafsi yake, tunamwambia kwa sauti ya chuo kikuu, mahali alipokwenda kutafuta ukweli, na yeye analiamini. Umaskini unaweza kukunyima kitu huku ukijua umenyimwa. Uwongo wa aina hii unakunyima kitu na kukufanya ushukuru kwamba umejitambua. Na usisahau kwamba mvulana naye ameongopewa. Ameambiwa kwamba saa alizopewa na jamii ni zawadi aliyozaliwa nayo. Siku atakapokutana na tatizo ambalo saa 600 haziwezi kulitatua, hatajua afanye nini, maana hakuwahi kufundishwa kuwa asiyejua.

Wapo watakaosema: lakini chuo kikuu lazima kichague walio bora, ubora ni ubora. Nakubali. Ila ubora wa nini? Nenda Iten, mita kama 2,400 juu ya usawa wa bahari, umtazame kocha anayejua kazi yake. Mbele yake wamekuja vijana wawili, wamemaliza mbio kwa dakika zile zile. Mmoja amefunzwa miaka mitano, ana viatu, ana saa ya mkononi ya kupimia mapigo. Mwingine hajawahi kufunzwa hata siku moja. Kocha mpumbavu atasema wako sawa. Kocha wa kweli atajua nani amekaribia ukomo wake na nani bado hajaanza. Hata yule wa pili akiwa nyuma kwa sekunde kadhaa, kocha wa kweli atamwangalia mara mbili. Wala hatakuwa amemwonea huruma, atakuwa amesoma saa vizuri zaidi kuliko mwenzake. Tunapoisoma alama bila kuuliza imetoka wapi, kazi yetu ya kutafuta ubora tumeifanya nusu.

Sasa nije kwa pingamizi ambalo naliheshimu kuliko yote. Vipi kuhusu mvulana wa Turkana au wa Tana River, ambaye kwao hakuna stima, hakuna saiba, na mchana kutwa alikuwa nyuma ya mbuzi? Yeye pia hana zile saa. Na vipi kuhusu binti wa Nairobi aliyesoma shule ya kimataifa na kupewa laptopu akiwa na miaka minane? Tukigawa upendeleo kwa jinsia, tutamsukuma nyuma yule wa Turkana tumpishe yule wa Nairobi. Hiyo nayo ni haki?

Hapana, si haki. Na nafikiri ndiyo sababu kubwa ya kutotegemea dawa ya kushusha alama peke yake. Alama zikishushwa kwa jinsia tu, mlango unapanuliwa na chumba kinabaki vile vile. Binti anaingia, anakuta ngoma ile ile, na sasa mgongoni amebandikwa karatasi: huyu aliingia kwa kushushiwa. Atakapokwama, kama kila mtu anavyokwama, watasema, si tulijua. Simlaumu aliyebuni hatua hizo. Zilifungua milango iliyokuwa imekomelewa, na Katiba inaziruhusu kwa sababu nzuri. Nasema tu kwamba haziugusi ule uwongo.

Vyuo vilivyofaulu viligusa chumba chenyewe. Carnegie Mellon waliacha kuupa uzito mkubwa uzoefu wa kuprogramu wakati wa kuchagua wanafunzi, wakaweka njia zaidi ya moja ya kuingilia kozi za mwanzo kulingana na mtu anakotoka. Mwaka 1995 wanawake walikuwa asilimia 7 ya walioingia. Mwaka 2000 walikuwa asilimia 42. Chuo cha Harvey Mudd huko California, chini ya Maria Klawe aliyekuwa mkuu wake kuanzia 2006, kililigawa somo la kwanza kwa makundi: waliowahi kuprogramu upande huu, wasiowahi upande ule. Wahadhiri wake walikuwa wakimwita kando yule mwanafunzi mjuaji na kumwambia kwa upole kwamba wanayapenda maswali yake, ila wayazungumze ofisini, maana darasani yanawatisha wenzake. Ndani ya miaka kama mitano wanawake waliochagua kompyuta walipanda kutoka karibu asilimia 10 hadi karibu 40.

Angalia vizuri walichogawa Mudd. Hawakugawa wasichana na wavulana. Waligawa wenye saa na wasio na saa. Mvulana wa Turkana angekaa katika kundi la wasio na saa bila mtu kumwonea aibu, na yule binti wa shule ya kimataifa angepelekwa kwenye kundi la wenye nazo, akabanwe huko na mambo magumu. Dawa iliyotafutwa kwa ajili ya wasichana ikamtibu na mtu ambaye hakuna aliyekuwa akimfikiria. Wazee wana methali ya hilo pia: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Lakini saa peke yake haielezi kila kitu, lazima nikiri. Mvulana wa Turkana akishapata saa zake, hakuna atakayemshangaa. Picha ile tuliyoanza nayo inamkubali: avae hudi tu. Binti akishapata saa zake bado ataulizwa kama yeye ni wa idara ya mapokezi, bado katika mradi wa kikundi atapewa kuandika ripoti na kutengeneza slaidi huku wavulana "wakimalizia msimbo." Hapo ndipo jinsia inasimama kama kosa lake lenyewe, na hapo ndipo wanawake wanahitaji kuonana. Mwaka 2010 vijana wa kike wa Nairobi walianzisha AkiraChix, ambayo imekuwa ikiwafundisha teknolojia wasichana kutoka familia zisizo na uwezo. Mmoja wa waanzilishi wake, Angela Oduor Lungati, baadaye akawa mkurugenzi mtendaji wa Ushahidi, ule mfumo wa ramani uliozaliwa katika machungu ya 2008, ambao Ory Okolloh na Juliana Rotich walikuwa miongoni mwa waanzilishi wake. Hao hawakungoja mtu awahakikishie kwamba wana kipaji.

Na uhuru wa kuchagua? Binti ambaye ameona kila kitu, amejaribu, na kusema kompyuta hazimfurahishi, aende akasome sheria, kilimo au muziki kwa amani. Sitaki nusu kwa nusu ya kulazimisha. Idadi kwangu ni kama kipimajoto: inakuambia mgonjwa ana homa, lakini humtibu kwa kukitia kipimajoto kwenye maji baridi. Ninachokataa ni kuliita hiari jambo lililoamuliwa jikoni, mtoto akiwa na miaka kumi.

Wengine wanapenda hoja ya uchumi: tukiwaacha wasichana nje, taifa linapoteza vipaji. Ni kweli, ila siipendi isimame peke yake. Ikisimama peke yake, siku kazi za kuprogramu zikipungua tutawaambia wasichana warudi walikotoka, haki yenu imekwisha soko. Hoja yenye uzito zaidi kwangu ni kwamba siku hizi msimbo unatawala. Mkopo wa simu, kuitwa chuo, matibabu hospitalini, kitambulisho: kila mahali kuna programu iliyoandikwa na mtu, ikiwa na mawazo ya mtu huyo kuhusu nani ni mwananchi wa kawaida. Wanaoandika wakiwa wa aina moja, watakosea kwa aina moja. Kutawaliwa na kanuni ambazo watu kama wewe hawakushiriki kuziandika, hilo tulilipigania tukalikataa kitambo.

Na ukitaka kujua kama mtu anaamini kanuni au anapigania upande wake tu, mpime kwa kisa cha Stephanie Shirley. Mwaka 1962 huko Uingereza alianzisha kampuni ya programu, akawaajiri wanawake wenye watoto wafanye kazi wakiwa nyumbani. Barua zake za kutafuta biashara zilipuuzwa hadi alipoanza kuzitia sahihi kwa jina "Steve." Kati ya wafanyakazi wake 300 wa kwanza, 297 walikuwa wanawake. Kisha 1975 ikaja sheria ya kukataza ubaguzi wa kijinsia, na kampuni hiyo ya wanawake ikabidi iwafungulie wanaume milango. Ndivyo kanuni ilivyo. Ikikugeuka nawe uifuate. Kama kesho darasa la kompyuta litajaa wasichana, na mvulana mmoja akaketi nyuma akiamini hana kipaji kwa sababu tu hakuna aliyewahi kumpa saa, nitaandika makala hii upya kwa ajili yake.

Kwa hiyo nani ana deni? Mzazi ana deni la saa: sufuria zioshwe kwa zamu, na binti apewe ruhusa ya kupotea mahali salama. Mwanafunzi mwenye uzoefu ana deni la kunyamaza kidogo, na la kumpa mwenzake kibodi katika mradi wa kikundi badala ya kumpa slaidi. Lakini deni kubwa ni la idara, maana ndiyo inayotoa hukumu ya nani anajua. Na mwanzo wake si wa gharama. Ni karatasi moja wiki ya kwanza, yenye swali moja: umewahi kuandika programu, ndiyo au la? Halafu waliosema la wakae chumba kimoja, na mwalimu bora wa idara, si yule mgeni zaidi, aende kwao. Awaambie siku hiyo hiyo kwamba wale wa chumba cha pili wamewatangulia kwa saa tu, wala hawajawazidi akili. Kisha aanze mwanzo kabisa, na akiuliza nani hajaelewa, mikono yote iinuke.